Neno "bado" ndilo linalompima mkuu wa TEHAMA

Ilikuwa Jumamosi, saa tano na ushei usiku, kwenye chumba cha seva cha taasisi ya mikopo ambayo mimi ndiye niliyekuwa naongoza kitengo chake cha TEHAMA. Tulikuwa tunahamisha taarifa za wateja kutoka mfumo wa zamani kwenda mfumo mpya. Kiyoyozi kinavuma, chipsi zimepoa kwenye mifuko, macho yamekuwa mekundu. Binti mmoja wa timu yangu, mdogo kuliko wote mle ndani, akanigeuzia kompyuta yake akasema, "Bosi, salio za vikundi hazilingani. Huku jumla nyingine, kule nyingine."

Nikaangalia. Kweli hazikulingana. Ukiipima kwa fedha zote za taasisi, tofauti ilikuwa ndogo. Lakini ilikuwa imetapakaa kwenye akaunti mia tatu na kitu.

Jumatatu yake mkurugenzi mtendaji alikuwa anazindua mfumo mbele ya wageni. Kadi zimeshagawiwa, mahema yameshalipiwa. Nikamwambia yule binti, "Tutarekebisha hukohuko mbele." Nikavuta kiti nikakaa mwenyewe kwenye kompyuta, nikaandika programu ndogo ya kusawazisha hesabu, nikahangaika nayo mpaka adhana ya alfajiri. Kazi ile nilikuwa naiweza. Nilichoshindwa ni kushika simu, nimpigie mkurugenzi saa ile ya usiku, nimwambie: bado.

Jumatano asubuhi niliitwa tawini. Mama mmoja, mweka hazina wa kikundi cha akina mama wauza samaki, alikuwa amefungua daftari lake juu ya kaunta na kidole chake kimekanyaga tarakimu ya mwisho. Hakupiga kelele. Aliniambia tu, "Mwanangu, hii hela tumeihesabu sisi wenyewe, Alhamisi kwa Alhamisi, wote tukiangalia." Daftari lake lilikuwa sahihi. Mfumo wetu, uliogharimu fedha ambazo yeye na wenzake wasingezipata kwa miaka mingi ya kuamka saa tisa usiku kwenda soko la samaki la Feri, ndio uliokosea. Ilituchukua wiki tatu kusafisha akaunti zile, na baadhi ya vikundi havikurudi tena.

Naandika haya kwa ajili ya wenzangu waliopanda, au wanaotaka kupanda, hadi kiti cha mkuu wa teknolojia: kwenye benki, bima, hospitali, mashirika ya umma, kampuni za simu. Tunazungumza sana juu ya vyeti, mishahara, akili mnemba na mifumo mipya. Jambo ambalo naamini ndilo linaloamua kama mtu amekuwa kiongozi au bado ni fundi mwenye cheo, hatulizungumzi. Ni uwezo wa kumwambia mkubwa wako "bado" mapema, kwa sauti ya kawaida, ukiwa na ushahidi mkononi.

Angalia tunavyopandishwa. Unaanza kwa kutengeneza printa na kuvuta nyaya. Unahamia kwenye hifadhidata, unakuwa yule anayepigiwa simu usiku mfumo ukigoma. Unasifiwa kwa sababu husemi hapana. Mhasibu mkuu anataka ripoti leo, anaipata leo. Mkurugenzi anataka barua pepe ifunguke kwenye simu yake akiwa uwanja wa ndege, inafunguka. Miaka minane au kumi ya "ndiyo bosi, nimeshamaliza" ndiyo inayokupa cheo. Ukishakaa kwenye kile kiti, kazi inageuka bila mtu yeyote kukwambia kwamba imegeuka. Sasa unalipwa kwa uamuzi wako, na uamuzi wenyewe mara nyingi unakuja kuwa ni kusema lile neno ambalo kwa miaka kumi ulizoea kulimeza.

Kwetu limezidi kuwa gumu kwa sababu ya adabu tuliyolelewa nayo. Mkubwa habishiwi mbele za watu. Habari mbaya huzungushwa kwanza: "kuna changamoto kidogo mzee, lakini tunaishughulikia." Nimekaa kwenye vikao ambako kila mtu wa kiufundi mezani anajua mfumo hauko tayari, na bado taarifa inayoandikwa kwenye muhtasari ni kwamba kazi imefikia asilimia 90. Hiyo asilimia 90 ndiyo kufunika kombe mwanaharamu apite. Adabu naipenda, wala sitaki tuitupe. Lakini heshima kubwa kuliko zote ambayo mkuu wa TEHAMA anaweza kumpa mkurugenzi wake ni kutomwacha asimame mbele ya wageni akizindua kitu kilichooza.

Kisa cha benki ya TSB ya Uingereza kila mkuu wa teknolojia anapaswa kukijua. Benki ile ilinunuliwa na Sabadell ya Hispania mwaka 2015, na ikawa inatumia mifumo ya mmiliki wake wa zamani, Lloyds, kwa malipo. Ikaamua kuhamia mfumo wake yenyewe, uliojengwa na kampuni dada ya TEHAMA ya kundi la Sabadell. Tarehe ya kwanza ilikuwa Novemba 2017, ikaahirishwa. Wikiendi ya Aprili 2018 wakahamisha wateja zaidi ya milioni 5 kwa mkupuo mmoja. Taarifa zenyewe zilifika salama. Mfumo wa kuzihudumia ndio uliokwama. Hadi wateja milioni 1.9 walifungiwa nje ya akaunti zao, na benki haikurudi katika hali ya kawaida mpaka Desemba ya mwaka ule. Mkurugenzi mtendaji, Paul Pester, aliondoka Septemba. Mwaka 2022 wasimamizi wa mabenki wakaitoza benki faini ya pauni milioni 48.65.

Wengi wanaishia hapo wakikisimulia. Kilichonitikisa mimi kilikuja Aprili 2023. Mamlaka ya usimamizi iliyo chini ya Benki Kuu ya Uingereza ilimtoza faini ya pauni 81,620 Carlos Abarca, aliyekuwa mkuu wa teknolojia wa benki ile. Yeye binafsi. Hakuiba wala hakuficha kitu. Kosa lake ni kwamba hakuchukua hatua za kutosha kuhakikisha kazi iliyopewa ile kampuni dada inasimamiwa ipasavyo na kwamba kampuni hiyo iko tayari kweli. Neno la mtoa huduma lilichukuliwa kama ushahidi. Huku kwetu kiti hiki wengi wanakiona ni cha gari na posho, lakini wahenga hawakukosea: ukubwa jalala. Takataka ya mzabuni wako, na ya mzabuni wa mzabuni wako, inakuja kumwagwa mlangoni kwako.

Sasa "bado" inasemwaje? Hili nimejifunza kwa gharama ya yule mama wa samaki, nami nalisema kwa uhakika. Haiwezekani kuianza usiku wa kuhamisha mfumo. Saa ile kila mtu amechoka, fedha zimeshatumika, na mwenye kusema bado anaonekana msaliti. Inasemwa miezi mitatu kabla, wakati vichwa vimetulia, kwa njia ya masharti yaliyoandikwa. Hatutawasha mfumo mpaka salio za akaunti zote zilingane hadi senti. Hatutawasha mpaka tumefanya mazoezi kamili mara mbili, na zoezi la pili liwe limemalizika ndani ya saa tulizojipangia. Hatutawasha mpaka tumejaribu njia ya kurudi kwenye mfumo wa zamani, na tumerudi kweli. Karatasi ile unaipeleka kwa mkurugenzi mtendaji, mkurugenzi wa fedha na mkuu wa uendeshaji, wote watie sahihi. Usiku ukifika na salio hazilingani, husemi "mimi nakataa." Unasoma sharti namba moja ambalo wao wenyewe walilisaini. Mkubwa hajavunjiwa heshima, wala wewe hujajifanya shujaa.

Kisha lisemwe kwa lugha yao. Ukiingia kwenye bodi na maneno ya seva na hifadhidata, watakusikiliza kwa upole halafu watamgeukia mkurugenzi wa fedha kumuuliza unamaanisha nini. Waambie: tukiahirisha wiki mbili tunapoteza fedha kiasi hiki, tukienda na kosa hili, wateja wanaogusika ni hawa, kwenye matawi haya, na kila siku ya kurekebisha itatugharimu kiasi hiki. Bodi ina watu wazima waliofanya biashara, na hesabu ya hasara wanaielewa haraka kuliko wewe.

Tatizo ni kwamba wengi wetu hatufiki hapo kwenye bodi. Kwenye taasisi nyingi nilizozifahamu, mkuu wa TEHAMA anaripoti kwa mkurugenzi wa fedha. Maana yake kila neno lake linapita kwanza kwenye chujio la mtu ambaye kazi yake ni kubana matumizi. Anayekaa hapo si mtu mbaya. Anafanya kazi yake. Lakini ombi la njia ya akiba ya intaneti likifika kwake linakuwa ni mstari wa gharama, na mstari wa gharama hukatwa.

Chukua Mei 2024. Jumapili ya tarehe 12, nyaya mbili za chini ya bahari zinazotuletea intaneti, EASSy na SEACOM, zilikatika kwa wakati mmoja upande wa kusini, njia ya kuelekea Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Miezi michache nyuma, Februari, SEACOM ilikuwa imeshakatika kule Bahari ya Shamu, kwa hiyo upande wa kaskazini nao ulikuwa umedhoofika. Jumatatu asubuhi ofisi kibao za Dar es Salaam zilikuwa zimekaa tu. Zilikuwemo taasisi zilizolipia kampuni mbili tofauti za intaneti na kujiona zina akiba, kumbe kampuni zote mbili zilikuwa zinategemea nyaya zilezile. Swali la kumuuliza mtoa huduma ni moja: mawasiliano yangu yanapita kwenye waya gani, na waya huo ukikatika yanapita wapi? Wapo wakuu wa TEHAMA waliokuwa wameliuliza, wakaandika pendekezo, likakatwa kwenye bajeti. Siku ile waliitwa kwa mkurugenzi mtendaji kwa mara ya kwanza ndani ya mwaka mzima, kuulizwa kwa nini mtandao haupo.

Kwa hiyo nawaambia wenzangu: ukipewa hicho cheo, kabla hujauliza mshahara, uliza utaripoti kwa nani na utaingia kwenye kikao cha bodi mara ngapi kwa mwaka. Ukijibiwa kwamba utaitwa inapobidi, ujue umekalia kuti kavu. Na kwa wajumbe wa bodi wanaosoma: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaibana taasisi yenu kwa taarifa za wateja mnazozitunza. Hamwezi kubeba wajibu huo huku mnayemtegemea kwa kazi hiyo amekaa nje ya mlango.

Kuna upande mwingine ambao unaniuma zaidi, nao ni wa walio chini yetu. "Bado" ya mkuu haina nguvu kuliko "bado" anayoletewa. Yule binti aliniletea ushahidi saa tano usiku, na mimi nikamfundisha, kwa kitendo, kwamba ushahidi hauna kazi. Kwa miezi kadhaa hakuniambia tena kitu kibaya bila kuulizwa. Nilipomwita nikamwomba radhi, mbele ya timu yote, alinyamaza kwanza, halafu akasema, "Sawa kaka, lakini nilikuwa nimeshaanza kutafuta kazi kwingine." Na alipata, akaondoka.

Tena hata anayesikilizwa tunampoteza, kwa sababu ngazi yetu ni moja tu. Anayetaka mshahara mzuri lazima awe meneja. Makampuni makubwa ya teknolojia duniani yalishaachana na utaratibu huo. IBM ilianzisha cheo chake cha juu kabisa cha wataalamu wasiosimamia watu tangu miaka ya 1960, na leo Microsoft na Google zina ngazi nzima ya namna hiyo, mtu akipanda kwa utaalamu wake. Sisi tunamtoa fundi bora wa hifadhidata, tunampa ofisi, likizo za watu za kusaini na vikao vya manunuzi, halafu tunashangaa mfumo umebaki bila mwenyewe na idara imepata meneja anayenung'unika.

Nilikuwa na kijana mmoja ambaye akiangalia kumbukumbu za seva kwa dakika kumi alikuwa anajua kesho asubuhi nini kitakwama. Mara mbili alipewa umeneja, mara mbili akakataa kwa upole. Alitaka aendelee na kazi yake, aongezwe mshahara. Niliandika barua tatu kwa rasilimali watu. Jibu lilikuwa lilelile: muundo wa utumishi hauna nafasi hiyo. Akapata kampuni ya Ulaya, anaifanyia kazi akiwa nyumbani kwake Mbezi. Mwaka jana taasisi ile, ambayo na mimi nilikuwa nimeshaiacha, ilikuwa inahamisha mfumo tena. Wakamtafuta. Anawafanyia jioni na wikiendi, wanamlipa kwa saa, na sharti la kwanza aliloweka kwenye mkataba ni kwamba akisema bado, hakuna anayewasha.