Acheni kupima tairi gari likiwa kwenye jeki

Mdogo wangu wa kike alikwenda kubadilisha tairi za Toyota IST yake, ile ya zamani, akarudi na gari linalokwaruza. Tairi zake za 185/65R15 zilikuwa zimeisha. Duka alilokwenda hawakuwa na saizi hiyo, na badala ya kumwambia hivyo, muuzaji akamshawishi achukue 205/70R15. "Dada, hizi zinaingia vizuri kabisa, tena zitainua gari." Akalipa. Kesho yake kila akikata kona kulia anasikia kitu kinasaga, na kwenye matuta ndiyo usiseme. Aliporudi kulalamika, fundi akamwambia zitazoea, kisha akatoa kisu akate plastiki ya ndani ya madigadi ili tairi ipate nafasi.

Nimeandika haya nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Mtu ameuziwa kitu kisichofaa, na alipolalamika wakataka kulikata gari lake ili lifanane na kosa lao.

Tuanze na hilo la kuingia, maana ndilo ushahidi pekee ambao muuzaji anao. Ameinua gari kwa jeki, amefunga nati nne, ameizungusha tairi kwa mkono, imezunguka bila kugusa. Kwake kazi imekwisha. Lakini gari likiwa kwenye jeki springi imenyooka na tairi imening'inia chini, mbali kabisa na bodi. Hali hiyo gari halikai nayo barabarani. Likishushwa tu, uzito unakaa na tairi inapanda. Wakiingia watu watatu nyuma na gunia la mchele kwenye buti, inapanda zaidi. Piga tuta la Goba ukiwa na mzigo huo, springi inajikunja karibu mpaka mwisho, na hapo ndipo unajua kama kuna nafasi au hakuna. Sasa ongeza usukani. Ukiukata wote, bega la tairi halibaki lilipokuwa: upande mmoja linasogelea bampa, upande wa pili linasogelea kona ya bodi karibu na mlango. Tairi ya mbele inaishi kwenye mienendo hiyo miwili kwa pamoja, kupanda na kugeuka, na jeki haionyeshi hata mmoja.

Hesabu yake wala si ya chuo kikuu. Kwenye 185/65R15, 185 ni upana kwa milimita, 65 ni asilimia ya upana huo inayokuwa urefu wa ubavu, na 15 ni rimu kwa inchi. 185 mara 0.65 ni milimita 120 za ubavu. Chukua mara mbili, jumlisha rimu ya inchi 15, ambayo ni milimita 381, unapata kipenyo cha milimita 621 na kidogo. Fanya vivyo hivyo kwa 205/70R15: milimita 668. Nusu ya tofauti hiyo ndiyo inayopanda juu, yaani milimita 23, na upana nao umeongezeka milimita 20, kumi zikielekea shokapu na kumi zikielekea fenda. Toyota hawakuacha nafasi ya bure ya kiasi hicho kwenye gari dogo namna ile. Na kinachokwaruzwa si plastiki peke yake. Tairi ikigusa chuma mara kwa mara inaliwa begani au ubavuni, na ubavu ndio sehemu nyembamba kuliko zote. Ukitoka Chalinze kwenda Morogoro na ubavu uliochanwa, umebeba watu juu ya kitu kinachoweza kupasuka wakati wowote.

Halafu inafuata biashara ya pili. Tairi ikishagusa, fundi hasemi tuitoe. Anasema tuweke spesa. Gari linainuliwa kwa vipande vya raba au aluminiamu juu ya shokapu, kukwaruza kunapungua, mteja anafurahi. Lakini pembe za ekseli zimebadilika, raba zinazofunika viungo vya ekseli zinachanika mapema, bolijointi, yaani viungo vinavyoshika mguu wa mbele, zinakaa mkao ambao hazikupangiwa, na alaimenti, yaani mnyooko wa tairi, imeharibika siku hiyo hiyo. Wengi hawaambiwi hata warudi kupima alaimenti. Miezi michache baadaye wanashangaa tairi zimeliwa upande mmoja, wanarudi dukani, wanauziwa tairi nyingine. Mtu alikuja kununua tairi nne, akaishia kuhudumia mguu mzima wa gari.

Najua mtakachoniambia, na siwezi kukikataa: barabara zetu ndizo zinazotufikisha hapa. Ukikaa Kivule au Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, IST inayogusa chini kila siku si anasa ya kulalamikia, ni sampo ya oili inayoweza kutobolewa na jiwe. Magari haya yalitengenezwa kwa ajili ya mitaa ya Japani yenye lami mpaka mlangoni, sisi tunayapitisha kwenye makorongo. Kutaka gari likae juu kidogo ni haki ya mtu. Lakini kuna namna ya kufanya bila kujidhuru. 195/65R15 ina kipenyo cha milimita 634, imeongezeka asilimia 2 tu, na inakaa kwenye rimu ile ile bila kulazimishwa. Inakuinua milimita 6 na nusu. Ni ndogo, ndiyo. Ndicho kiasi ambacho tairi peke yake inaweza kukupa kwa usalama. Kanuni inayofuatwa sana ni kutovuka asilimia 3 ya kipenyo cha awali, na 205/70 ile ilikuwa imevuka asilimia 7.

Na hiyo asilimia 7 haiishii kwenye kukwaruza. Spidomita inahesabu mizunguko, haioni barabara. Mdogo wangu akiona 80, kwa tairi zile anakwenda 86. Akiona 50 pale penye kibao cha 50, anakaribia 54, na tochi ya trafiki haitamuuliza amevaa tairi gani. Spidomita nyingi kutoka kiwandani huzidisha kidogo, zinaonyesha mwendo mkubwa kuliko halisi, na hiyo ndiyo akiba ya dereva. Ukiweka tairi kubwa umeila akiba yote. Breki nazo: mguu ule ule kwenye pedali unazaa nguvu pungufu pale tairi inapogusana na lami, kwa sababu tairi imekuwa kubwa na diski imebaki ile ile. Kwa gari la familia hili ndilo linaloniuma zaidi, maana halipigi kelele. Kukwaruza utakusikia. Breki iliyopungua utaigundua mtoto wa jirani akivuka ghafla.

Kuna na wale wa rimu za inchi 17, wanaoamini rimu kubwa inainua gari. Haiinui. 205/45R17 ina kipenyo cha milimita 616, pungufu ya ile ya kiwandani. Gari limeshuka, na ubavu umetoka milimita 120 mpaka 92, kwa hiyo shimo likija linapiga rimu moja kwa moja. Kama unaishi kwenye lami na unapenda muonekano, gari ni lako. Angalia tu namba ya uzito iliyo baada ya saizi. 88 inabeba kilo 560, 84 inabeba 500, na wauzaji wengi hawaitazami kabisa.

Wenye Land Cruiser za hardtop nao wasione hayawahusu, ingawa wao nawakubali zaidi. Wanaotoa 7.50R16 na kuweka 265/75R16 wanabaki karibu na kipenyo kile kile, kama milimita 804, na wale wanaojua kazi yao wanabadilisha na rimu, kwa sababu ile nyembamba ya kiwandani haifai kwa tairi ya milimita 265. Huko ndiko kubadilisha saizi kwa akili. Wenye Subaru na X-Trail za kuvuta miguu yote minne nawaomba kitu kimoja tu: msichanganye saizi mbele na nyuma, mtaua difu, ile gia inayogawa nguvu kwenye tairi.

Ukifungua mlango wa dereva, kwenye nguzo kuna karatasi imebandikwa. Maandishi ni ya Kijapani lakini namba ni hizi hizi tunazozijua: saizi, na upepo kwa kPa. Gawanya kPa kwa 6.9 upate kipimo cha mashine ya upepo. 220 ni 32. Inasikitisha kwamba karatasi hiyo ipo kwenye karibu kila gari lililoshuka bandarini, na bado tunamuuliza mtu anayetaka kumaliza mzigo wake dukani.

Muuzaji akisisitiza saizi tofauti, usibishane naye kwa maneno. Mwambie afunge tairi mbili za mbele tu kwanza, ashushe gari chini, waingie watu wanne wazito, wewe ukate usukani mpaka mwisho kulia, kisha mpaka mwisho kushoto, halafu mpande tuta lililo karibu polepole huku usukani umekatwa nusu. Mpake chaki sehemu ya ndani ya fenda mkitaka. Ikifutika, tairi hiyo hauitaki. Na zile za zamani usimwachie kama nyongeza ya bei kabla hamjarudi kwenye hilo tuta, kwa sababu akishaziuza hutakuwa na cha kurudishia, na hapo ndipo kisu kinapotolewa.