Shule Haina Herufi C

Jumanne iliyopita, katika darasa la Kijerumani ninalohudhuria jioni hapa Leipzig, mwalimu aliandika ubaoni neno Schule, akamtaka kila mmoja wetu aandike chini yake neno la lugha yake. Mhispania aliandika escuela, Mfaransa école, Mpoland szkoła na Mhungaria iskola. Mimi niliandika shule, na kabla sijaketi mwalimu alikwisha kuchomeka herufi c katikati ya s na h, akidhani nimekosea tahajia ya Kijerumani. Nilirudi ubaoni, nikaifuta ile c kwa kidole, nikamweleza kwamba hicho ni Kiswahili sanifu.

Maneno yote yale yametokana na neno moja la Kilatini, schola, ambalo Warumi nao walilichukua kwa Wagiriki, ambao kwao lilikuwa na maana ya wasaa, yaani muda ambao mtu hana kazi ya mikono na anaweza kukaa na wenzake akajadiliana nao. Kutoka hapo likasambaa, na kila aliyelipokea akalivika nguo yake. Wahispania, ambao ndimi zao hazikupenda kuanza neno kwa s iliyofuatwa na konsonanti nyingine, walitanguliza e. Wafaransa walifanya vivyo hivyo, kisha wakaiacha hata ile s yenyewe. Huko Venice, scuola likawa pia jina la vyama vya kidini vya kusaidiana, na Wayahudi wanaosema Kiyidi huliita sinagogi lao shul. Sisi wa bara tulilipata kwa Wajerumani, ndugu zetu wa Zanzibar wakapata skuli kwa Waingereza, na pande zote mbili zilichukua lililokuwa mali ya Roma kabla ya hao wote.

Kinachonichoma ni hiki. Yule Mhispania, anapozungumza Kijerumani, bado husema “eschule”, na darasani hakuna anayecheka. Kwao ile e si aibu, kwa kuwa imo katika kamusi na katika vitabu vya watoto wao. Marehemu bibi yangu kule Tanga alisema “sikuli”, akitia irabu mahali ambapo ulimi wake uliihitaji, na wajukuu tuliokuwa tumeonja Kiingereza tulimcheka mpaka akaacha kulitamka mbele yetu. Alifanya kazi ileile iliyofanywa na Wahispania, na sisi tukamwita mshamba.

Najua watakaosema kwamba nimepanda ndege juzi na leo nawafundisha walionisomesha. Sikujia Ulaya kujifunza kuwadharau wenzangu, na kicheko ninachokilaumu kilitoka kinywani mwangu mwenyewe. Wengine wataniuliza inakuwaje nihangaike na asili ya neno wakati madawati hayatoshi. Madawati nayajua, kwa sababu niliketi sakafuni hadi darasa la nne, lakini uhaba wa mbao haukumlazimisha mtu yeyote kumwadhibu mtoto kwa kusema lugha ya mama yake. Atakayenikumbusha kwamba Kiingereza ndicho kilichonifungulia mlango wa kuja huku atakuwa amesema kweli, nami nakishukuru; Wajerumani nao wanakijua sana, ila sijaona mtoto wao akipigwa faini kwa kusema Kijerumani uwanjani.

Jumapili nilimpigia simu mpwa wangu aliye darasa la tano huko Dar es Salaam, katika shule ambako anayenaswa akizungumza Kiswahili wakati wa mapumziko huvishwa kibao shingoni hadi amnase mwenzake. Nilimsimulia habari ya ile c na jinsi nilivyoifuta. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, ingawa alikuwa sebuleni kwao na mama yake:

“Mjomba, na mwalimu hakukuvisha kibao?”