Asilimia 43 ya wanawake ni wagonjwa?

Mwaka 1999 watafiti wa Marekani walitangaza kwamba asilimia 43 ya wanawake wa huko, wenye umri wa miaka 18 hadi 59, wana matatizo katika tendo la ndoa. Takwimu hiyo ingali inanukuliwa. Lakini mwanamke alihesabiwa kwa kukubali jambo moja tu: hamu kupotea kwa miezi kadhaa, ukavu au maumivu. Hakuulizwa kama linamsumbua. Utafiti wa 2008, uliohoji wanawake zaidi ya 30,000, uliuliza. Wenye tatizo walikuwa 43 kwa mia vilevile. Wenye tatizo linalowahangaisha, 12.

Ugomvi kuhusu dawa iitwayo flibanserin ulizuka katika pengo hilo. Ilibuniwa kutibu sonona, ikageuzwa dawa ya hamu, ikakataliwa na mamlaka ya dawa ya Marekani mwaka 2010 na 2013, ikapitishwa Agosti 2015. Walioipigania walisema wanaume wana Viagra tangu 1998, ilhali wanawake huambiwa "ni mawazo tu." Hoja hiyo ina uzito. Yupo mwanamke mzima wa afya, anayempenda mumewe, ambaye hamu imemtoka na analia peke yake usiku.

Wapinzani walitazama matokeo. Kidonge humezwa kila usiku, na kilizidi kidonge cha kulinganishia kisicho na dawa kwa tendo la kuridhisha nusu hadi moja tu kwa mwezi. Kikikutana na pombe, presha hushuka na mtu aweza kuzimia. Jaribio la hatari hiyo lilihusisha watu 25, na 23 kati yao walikuwa wanaume. Kwa dawa ya wanawake!

Naegemea kwa wapinzani, kwa sababu ya maumivu. Kwetu mwari hufundwa kumridhisha mume. Akisema anaumia, mara nyingi huambiwa atazoea. Kumbe huenda ni maambukizi, endometriosisi (tishu kama za ndani ya mji wa mimba kuota nje yake), kovu la uzazi, misuli ya uke inayojikaza bila yeye kutaka, au ukavu wa kunyonyesha na wa kukoma hedhi. Mengi yana tiba, kuanzia vilainishi hadi mazoezi ya misuli ya nyonga. Nani atatamani kinachomuumiza?

Hata masharti ya flibanserin yanamwondoa mwanamke ambaye hamu yake imezimwa na ugonjwa, dawa nyingine au mvutano wa nyumbani. Basi daktari hana budi kuanza na maswali: Unaumia? Tangu lini? Ulijifungua lini? Unatumia dawa gani? Mnaelewana nyumbani?