Tafakuri ya Mwanafunzi wa Usanifu: Ifundishwe, Lakini Je, Ipewe Alama?

Vyuo vingi vinavyofundisha usanifu, uwe wa grafiki, wa bidhaa au wa mitindo, siku hizi humtaka mwanafunzi aambatanishe kazi yake na maelezo ya tafakuri: alifikiri nini, alikwama wapi, na anajiona kuwa msanifu wa aina gani. Faida ya tafakuri haina mpinzani. Kinachobishaniwa ni kama inaweza kudaiwa, kusahihishwa na kupewa alama bila kuharibika.

Wanaoitetea wana msingi imara. Mwaka 1983 Donald Schön wa chuo cha MIT, Marekani, alichapisha kitabu kuhusu namna wataalamu wanavyofikiri wakiwa kazini, na mfano wake mashuhuri aliutoa katika studio ya usanifu majengo. Mwanafunzi anachora shule ya msingi, lakini umbo alilolipenda halikubali kukaa kwenye mteremko wa kiwanja. Mwalimu anatandika karatasi nyembamba juu ya mchoro ule, anachora upya huku akisema kwa sauti kila anachokifanya na kinachotokea akikifanya. Kwa mtazamo huo, ujuzi wa msanifu umo mkononi kabla haujafika mdomoni, na asiyezoezwa kuusema anaweza kuhitimu akizijua programu zote za kompyuta bila kuweza kumweleza mteja kwa nini nembo yake inahitaji herufi nene. Ni kweli pia, na hili husahaulika, kwamba katika mfano ule mwalimu ndiye anayezungumza zaidi.

Upande wa pili unaanzia hapo: tafakuri ile ilikuwa mazungumzo ya mwalimu, si insha ya mwanafunzi. Nchini Uingereza ripoti ya Dearing ya mwaka 1997, iliyochunguza elimu ya juu, ilipendekeza kila mwanafunzi wa chuo kikuu awe na njia ya kufuatilia na kutafakari maendeleo yake, na zoezi lililokuwa la studioni likaanza kuingia kwenye fomu. Mwanafunzi akishajua kwamba kukiri udhaifu kunaleta alama, atakiri, tena kwa ufasaha: nilikuwa sijui, nikakwama, nikashirikiana na wenzangu, sasa nimekomaa. Insha ya namna hiyo programu ya akili mnemba huiandika kwa sekunde chache, na msahihishaji hana namna ya uhakika ya kuitofautisha na ya kweli. Zaidi ya hapo, si haki kumpa mhadhiri mamlaka ya kupima moyo wa kijana wa miaka 20 na kuutilia asilimia.

Mizani hii naiona wazi zaidi kwenye mafunzo kwa vitendo. Mchukue mwanafunzi aliyepelekwa kwenye duka la uchapishaji Kariakoo, akapewa kadi ya mchango wa harusi. Mteja amesimama nyuma ya kiti chake, anataka maua yaongezwe, picha ya maharusi ikuzwe na namba za simu za wanakamati zote zionekane. Bluu iliyong'aa kwenye skrini inatoka mashineni ikiwa imefifia na kuelekea zambarau. Katika saa hiyo moja kuna maamuzi mengi ya kitaaluma, lakini daftari la mafunzo, ambalo aghalabu hujazwa kwa mkupuo siku ya mwisho kabla msimamizi hajapiga mhuri, litasema tu kwamba alisanifu kadi na kujifunza kuwasiliana na wateja.

Kwa hiyo naegemea upande wa kuifundisha, kwa sharti kwamba kinachosahihishwa kiwe uamuzi na ushahidi wake. Mwanafunzi alete kadi tatu alizozitupa pamoja na ile iliyochapishwa, aeleze kwa nini aliacha bluu ile, na aseme ni lipi alilokubali kwa sababu mteja alikuwa na haki na lipi alilokubali kwa sababu alichoka kubishana. Hisia zake azitunze katika daftari lisilokaguliwa, au amsimulie mwenzake.

Utambulisho wa kitaaluma nao haujengwi kwa kumuuliza mtu yeye ni nani. Selby Mvusi, msanii wa Afrika Kusini aliyefundisha usanifu Nairobi katika miaka ya 1960 hadi alipofariki mwaka 1967, aliandika kuhusu elimu ya usanifu wa viwandani barani Afrika, na swali linalozuka katika mada hiyo ni msanifu anamfanyia nani kazi. Nadhani swali hilo lina manufaa kwa mwanafunzi wa mwaka wa pili kuliko kumtaka atangaze mtindo wake binafsi kabla hajawa na kazi za kutosha kuuonyesha.

Ugumu unabaki kwenye muda. Kusoma kadi tatu zilizotupwa na sababu zake ni kazi kubwa kuliko kupitia insha, na mhadhiri mwenye darasa la wanafunzi 80 hataiweza peke yake. Chuo kinachotaka tafakuri ya kweli kitalazimika kupunguza idadi ya kazi za muhula, au kuwapa wanafunzi wa mwaka wa mwisho sehemu ya kuhakiki kazi za wadogo zao, jambo ambalo wahadhiri wengi hawajawa tayari kulikubali.