Mafundi wa seva, acheni kubandika kwa mate

Wiki iliyopita umeme ulipotea Ganjoni, Mombasa, ukarudi, na kwenye ofisi moja ya uwakala wa forodha kila kitu kikawaka isipokuwa seva ya tovuti. Wateja wanaofuatilia makontena yao wakawa wanapiga simu moja kwa moja, kwa lugha isiyoandikika hapa. Nikaitwa. Kwenye skrini palikuwa na mstari mmoja wa maana:

Cannot load modules/mod_ssl.so into server: libssl.so.3: cannot open shared object file: No such file or directory

Yaani mod_ssl.so, kipande cha seva kinachoshughulikia https, kimekosa maktaba yake libssl.so.3, faili la msimbo ambalo programu nyingi huweza kulitumia kwa pamoja.

"Ni virusi," mhasibu akaniambia, hana hata chembe ya shaka. La, dada yangu, hakuna virusi. Kuna fundi.

Simjui na sina haja ya kumjua, maana historia ya amri zake ilinisimulia yote. Alishusha OpenSSL 3, programu ya usimbaji ambayo libssl ni sehemu yake, akaijenga mwenyewe kutoka msimbo chanzo, ikaingia /usr/local/lib64, akajenga na Apache, programu ya seva ya tovuti, juu yake. Apache ikagoma kwa kosa hilihili. Basi bwana mkubwa akaandika export LD_LIBRARY_PATH=/usr/local/lib64, kuielekeza ikatafute maktaba huko, akaiwasha Apache kwa mkono, kufuli likatokea kwenye kivinjari, akapokea chake akaenda zake. Funika kombe mwanaharamu apite. Ile export iliishi ndani ya terminali yake tu. Systemd, inayowasha huduma mashine ikiwaka, haina habari nayo, na sudo, amri ya kutenda kwa mamlaka ya msimamizi, kwa kawaida huifuta njiani. Mashine ilikuwa inangoja siku ya kuzimwa.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba ujumbe wenyewe una hila. Unaambiwa faili halipo, ukipiga ls unaliona limetulia palepale. Maana yake ni kwamba kipakiaji, kinacholeta maktaba kwa programu inapoanza, hakikulikuta kule kinakotafuta, yaani kwenye orodha yake ya /etc/ld.so.cache, kisha /lib na /usr/lib. Dawa ni mstari mmoja, /usr/local/lib64, kwenye faili ndani ya /etc/ld.so.conf.d/, halafu ldconfig iandike orodha upya, halafu ldd, inayoonyesha maktaba zinazohitajika, kwenye mod_ssl.so uone kama "not found" imeondoka. Kahawa chungu na kashata haijaisha, kazi imeisha. Na wewe mwenye ofisi, kabla hujatoa pesa mwambie fundi aizime mashine na kuiwasha upya mbele yako. Akianza kutafuta maneno, rudisha pochi mfukoni.

Lakini hilo ni dogo. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni: kabla sijafika, kijana wa ofisi alikuwa ameshajaribu "suluhisho" la video. Mfumo ni Ubuntu 20.04, wenye OpenSSL 1.1.1. Akachukua libssl.so.1.1 akaitengenezea kiungo kwa jina la libssl.so.3. Eti jina likifanana, mambo yatanyooka! Apache ikamjibu kwamba toleo OPENSSL_3.0.0 halipatikani, na ilikuwa na haki. Hapo akaanza kutafuta tovuti ya kushusha libssl.so.3 iliyokwisha kujengwa. Nilimkuta kidole ki juu ya kitufe.

Jamani. Hiyo ndiyo maktaba inayoshughulika na ufunguo wa siri wa seva. Nywila za wateja, PIN zao za kodi, hati za mizigo, vyote vinapita mikononi mwake vikiwa havijasimbwa. Uiokote kwenye tovuti usiyojua mwenyewe ni nani, uiweke ndani kwa mamlaka ya root, yule msimamizi mkuu wa mashine, kisha uwaambie watu tovuti yako ni salama? Heri ungebaki na http, angalau mteja angeonywa na kivinjari. (Faili ambalo hujui lilikotoka usilipige hata ldd, maana linaweza kuendeshwa. Tumia objdump -p, usome mistari ya NEEDED.)

Hata huko kujijengea mwenyewe mna mtego. Aprili 2014, Heartbleed, tundu la usalama ndani ya OpenSSL, lilipotangazwa, waliokuwa wakitumia OpenSSL ya mfumo walisasisha pakiti, wakawasha huduma zao upya, wakaendelea na kazi ya kubadilisha funguo na vyeti. Maktaba ya pamoja ina faida hiyo: unatibu mahali pamoja, programu zote zinapona. Ile uliyoijenga kwa mkono wako, apt, kisasishi cha pakiti za Ubuntu, haiijui. Anayepaswa kuisasisha ni wewe, nawe ulishalipwa ukahama namba.

Najua, 1.1.1 iliachwa na watengenezaji wake Septemba 2023, kwa hiyo fundi alikuwa na sababu ya kuitaka 3. Sawa. Ila Ubuntu 22.04 inakuja nayo ndani. Nilihamishia tovuti huko, nikaweka Apache ya pakiti, nikamaliza bila kujenga chochote. Bosi alipendekeza tuzime https "kwa muda tu". Nikamtajia Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019, akanyamaza.

Baadaye mhasibu akanionyesha ankara ya yule fundi. Kulikuwa na mstari wa "ada ya cheti cha usalama", na tarakimu yake ilikuwa ndefu kuliko zote. Nikafungua cheti chenyewe nione kimetolewa na nani. Let's Encrypt, wanaotoa vyeti bure.