Akina Mabula wote si ukoo mmoja

Nenda soko la samaki la Mwaloni Kirumba, jijini Mwanza, asubuhi uite "Mabula!" Watageuka wengi, na wengi wao hawana hata babu mmoja wa pamoja.

Mabula ni mtoto wa mvua. Kwa Kisukuma mvua ni mbula, basi wa kiume akizaliwa inanyesha huitwa Mabula, wa kike Kabula. Na mvua hainyeshei ukoo mmoja. Bujiku ni wa usiku, Kulwa na Doto ni pacha, Shija ndiye anayewafuata. (Wajaluo, majirani zetu wa ziwani, nao wana Okoth wao wa mvua na Otieno wao wa usiku.) Jina lilikuwa la mtoto mwenyewe, likieleza alivyokuja duniani. Halikuwekwa ili wajukuu walirithi.

Daftari ndilo lililobadilisha mambo. Wamisionari walipofika kusini mwa Ziwa Victoria mwishoni mwa karne ya 19, ubatizo ulitanguliza Petro na Maria. Shule ikataka na jina la baba. Fomu za leo zinataka majina matatu, na hilo la tatu zinaliita "jina la ukoo". Watu wengi hujaza la babu, kwa sababu ndilo walilo nalo. Tuseme Paulo Shija Mabula amepata binti: ataandikwa Rehema Paulo Shija. Kizazi kimoja tu, Mabula ameshatoka kwenye karatasi.

Ukoo wenyewe upo, ila kwenye kitambulisho hutauona. Ni Babinza, Bakwimba, Bagolo, Basiya na wengineo. Baadhi ya koo hizo zilitoa watemi, yaani machifu, mpaka utemi ulipofutwa mwaka 1963. Wazee wanaojua mambo huuliza kwanza ukoo wa mchumba mtoto wao anapotaka kuoa, kwani watu wa ukoo mmoja hawaoani. Akina Mabula wawili wanaweza kuoana bila neno lolote, na wawili wenye majina ya tatu tofauti kabisa wakakuta babu yao ni mmoja. Kijana anayesoma jina la mwisho na kudhani amesoma ukoo yuko hatarini kweli.

Ndiyo maana siwaamini wanaokadiria idadi ya Wasukuma kwa kuhesabu majina. Sensa ya 2022 ilikuta watu 3,699,872 katika Mkoa wa Mwanza, lakini haikumuuliza mtu kabila lake. Wasukuma wenyewe wamehama na ng'ombe wao hadi Rukwa, Usangu na Kilombero, na waliobaki wameoana na Wakerewe, Wajita na Wahaya. Jina litakuonyesha babu mmoja tu kati ya wale wote waliomzaa mtu.

Ningependa fomu zetu ziandike "jina la babu", kisha familia ichague jina moja na watoto wote walitumie. Kwenye nyumba nyingi mkubwa anatumia la babu, wa kati kaachiwa majina mawili tu na mwalimu aliyekuwa na haraka, mdogo anatumia jina la ubatizo la baba. Shida huonekana baba akifariki. Watoto wa mama mmoja wanasimama mahakama ya mwanzo kwenye shauri la mirathi, wakiwa na hati za viapo mkononi, kuthibitisha kwamba marehemu ni baba yao.