177 au 22 kwa sungura? Ubishi wote uko kwenye mita tano

Mdogo wangu mmoja wa kwetu Tanga yuko huku Uingereza upande wa Lincolnshire, anafanya kazi mashamba ya mboga, na mwenye shamba kamruhusu apunguze sungura maana wanamlia kabichi mstari mzima. Juzi akanipigia, kaka nimefika dukani kununua bunduki ya upepo wananiuliza kaliba gani, 177 au 22, nichukue ipi? Nikamwambia usinunue kwanza, nipe siku mbili nikuandikie vizuri. Hili swali wawindaji wa huku wamebishana miaka na miaka na kila mtu ana sungura wake wa ushahidi, na nikaona nikiandika niandike wazi tu maana najua wako wengine wa kwetu wataliuliza.

Tuelewane kwanza tunaongelea nini. Kaliba ni upana wa tundu la mtutu: 177 ni milimita 4.5, 22 ni milimita 5.5. Na hii 22 sio ile ya baruti, ile ni habari nyingine na kibali kingine kabisa, hapa ni hewa tu inasukuma kirisasi chenye kiuno kama cha mdudu. Katikati kuna 20 ya milimita 5 ambayo wanaoitumia ni wachache, na juu kuna 25 ya milimita 6.35.

Sasa kinachofanya ubishi huu uwe mkali huku ni sheria. England na Wales bunduki ya upepo ikizidi nguvu ya futi-pauni 12, kama jouli 16 hivi, inahesabika silaha ya moto na lazima uwe na cheti cha polisi. Ikiwa chini ya hapo, mwenye miaka 18 ananunua dukani. (Scotland wao tangu mwisho wa 2016 hata hiyo ndogo inataka leseni, kwaiyo usije ukavuka mpaka nayo ukidhani ni kulekule.) Maana yake ni kwamba nguvu imewekewa dari, 177 na 22 zote zinatoka na nguvu ileile, na unachochagua ni kuitumia vipi tu. Ni kama una unga kilo moja, utengeneze chapati nyembamba nyingi au nene chache, unga hauongezeki.

Kirisasi cha kawaida cha 177 kina uzito wa kama gramu 0.55, cha 22 kama gramu 1.03, karibu mara mbili. Kwa nguvu ileile chepesi kinatoka mbio kama mita 239 kwa sekunde, kizito mita 174. Hapo ndo kila kitu kinapoanzia. Chepesi kinafika haraka kwaiyo hakipati muda wa kuanguka, kizito kinachelewa njiani kwaiyo kinaanguka zaidi, ila kikifika kinatoboa shimo pana, ukipiga hesabu ya eneo ni kama nusu zaidi ya lile la 177.

Watu wa 22 hoja yao ni nzito na sitaki kuipuuza. Wanasema sungura sio njiwa, ana fuvu, ana misuli, anataka kitu cha kumzimisha palepale, 177 inaweza kupita kama sindano ikatokea upande wa pili na nguvu yake ikaishia kwenye udongo nyuma yake. 22 inakaa ndani, inamwaga nguvu yote mwilini. Wazee wa bunduki huku wana msemo wao kabisa kwamba 177 ni ya wenye mabawa na 22 ni ya wenye ngozi ya manyoya, kwetu msemo huo haupandi hata ukitaka maana Kiswahili kuku ana manyoya na sungura ana manyoya. Alafu kuna mambo madogo ya kazi ambayo mtu hayaoni mpaka awe shambani. Mwezi wa kwanza asubuhi vidole vimekufa ganzi, kile kirisasi cha 177 kinakuponyoka kinaanguka kwenye majani hukioni tena, cha 22 unakishika. Na kama bunduki ni ya mtungi, ile ya kujazwa hewa, 22 inakupa milio mingi zaidi kwa ujazo mmoja.

Yote hayo kweli. Ila nakwambia kilichonitokea mimi.

Nilianza na 22, kwa sababu hiyohiyo ya shimo kubwa. Jioni moja ya mwezi wa sita, jua linaelekea kuzama, nimelala kifudifudi kwenye kingo ya shamba la ngano, sungura katoka kwenye mashimo kakaa ananawa uso kwa mikono. Nikakadiria mita 30, na bunduki niliiseti mita 30, yaani kwa umbali huo risasi inapiga palepale darubini inapolenga. Nikaweka msalaba wa darubini katikati ya jicho na sikio, pale ndo penye ubongo, eneo lenyewe kama sarafu ya pauni mbili, haliongezeki hata ukiwa na bunduki ya bei gani. Nikavuta pumzi, nikafyatua, nikasikia ule mlio wa risasi kupata, pap, alafu nikasikia sungura analia. Sikuwahi kujua kwamba sungura analia. Ni sauti kama ya mtoto mdogo. Akajiburuza, akaingia shimoni kabla sijajaza risasi ya pili, nimekaa pale mpaka giza likaingia hakutoka. Nikapima kwa hatua kurudi nilipolala, zikaja 37. Risasi ilishuka ikapiga taya.

Tangu siku hiyo sijali tena mtu akiniambia habari ya shimo kubwa. Nilikuwa nalo shimo kubwa, na lilikuwa mahali pasipo pake.

Nikakaa na kalamu nikapiga hesabu. Chukua bunduki zote mbili, darubini iko sentimita 4 juu ya mtutu, zote umeziseti mita 30. Sungura yuko mita 35 wewe unadhani 30, kosa la mita tano tu, na hakuna binadamu asiyekosea mita tano kwenye shamba tambarare jioni. 177 itapiga chini kwa sentimita moja na kidogo. 22 itapiga chini kwa kama sentimita 3. Sasa ile sarafu yetu nusu yake haifiki sentimita moja na nusu. Kwaiyo na 177 kosa lako limesamehewa, bado uko ndani, na 22 umeshatoka kwenye ubongo uko kwenye taya. Na upande wa karibu pia, sungura akitokea mita 15 ghafla, 22 ya mita 30 inapiga juu kwa zaidi ya sentimita 2, inampita juu ya kichwa, 177 haifiki hata nusu sentimita. Ndo maana wenye 22 wengi wenye akili wanaseti mita 25 na hawapigi mbali zaidi ya hapo, na wanafanya vizuri sana.

Watu wa 22 wana jibu hapa, na ni jibu zuri. Siku hizi kuna kifaa cha kupima umbali kwa leza, kinakaa mfukoni, unabonyeza kinakwambia mita 36. Ukishajua umbali, kushuka kwa risasi sio tatizo tena, unahesabu alama kwenye darubini unapiga, na hapo 22 inarudi na shimo lake pana na inashinda. Mimi nakubali hoja hii kwa mtu aliyelala mahali pamoja anasubiri, kapima mti ule, kapima lango lile, kapima mdomo wa shimo. Ila mtu anayenyatia, sungura kasimama masikio juu, una sekunde tatu, utaacha bunduki ushike leza? Hautapima, utakadiria. Utakosea mita tano.

Kuna na suala la bunduki yenyewe ni ya aina gani. Ile ya springi inaruka mkononi, pistoni inakwenda mbele na kugonga kabla risasi haijatoka mtutuni, kwaiyo ukiishika vibaya inatupa risasi pembeni. Na kirisasi cha 22 kinakaa ndani ya mtutu muda mrefu kidogo. Mdogo wangu anataka springi kwa sababu ya bei na haina habari ya kutafuta pa kujazia mtungi, sawa kabisa, ila na hiyo ajue mazoezi ni ya miezi sio wiki, na kaliba yoyote akichukua asipige zaidi ya mita 25 mpaka atakapoweza kuweka risasi kumi mfululizo ndani ya ile sarafu.

25 sitaiongelea sana. Kwa nguvu hii ya futi-pauni 12 risasi yake inakwenda kama mita 138 kwa sekunde, inapaa na kushuka kama mpira wa kurushiana. Kwa mwenye cheti na bunduki ya nguvu ni nzuri.

Kuna jambo lingine ambalo wazungu hawabishani nalo lakini sisi tunaokula kwa kuchinja linatuhusu. Iko hadithi ya Adi bin Hatim, alimuuliza Mtume (s.a.w) kuhusu kuwinda kwa mi'radhi, fimbo nzito ya kurusha, akaambiwa ikipiga kwa makali yake kula, ikipiga kwa ubavu usile, huyo kafa kwa kipigo. Sasa kirisasi cha upepo ni makali au ni kipigo? Wako wanazuoni wanaosema risasi inatoboa kwaiyo ukitaja jina la Mwenyezi Mungu wakati wa kufyatua inatosha, wako wanaosema hapana, lazima umuwahi yuko hai umchinje. Nimesikia mtu akijenga hoja kwamba 177 ni bora kwa sababu inatoboa zaidi kuliko kugonga. Mimi sina elimu ya kufika huko, kila mtu amuulize sheikh wake. Ninachofanya ni kupiga bismillahi, kufyatua, na kukimbia na kisu, nikimkuta ameshakufa nampa mwenye shamba kwa ajili ya mbwa wake, nikimuwahi anaingia kwenye nazi. Ila kumpiga makusudi pasipo ubongo ili achelewe kufa nipate kumchinja, hiyo siifanyi na naomba asiifanye mtu. Yule wa jioni ile bado namsikia.

Kwaiyo mdogo wangu, chukua 177. Sio kwamba 22 mbaya, jirani yangu mmoja ana 22 ya springi ya miaka mingi, hapigi zaidi ya mita 20, ananyatia kama paka na sijawahi kumuona akijeruhi. Yeye kosa lake sio umbali, kwaiyo 22 inamfaa. Wewe bado hujui kosa lako ni lipi, na wanaoanza karibu wote kosa lao ni umbali, mimi nikiwemo. Iseti mita 30, na mita 35 iwe ndo mwisho hata sungura akikaa amekutazama, na usisahau ile ya mita 25 mpaka sarafu ikubali. Angalia nyuma yake kuna nini, risasi isitoke nje ya mpaka wa shamba ulilopewa maana huku hilo ni kosa la jinai. Jumamosi nakuja na karatasi za shabaha na utepe wa kupimia, tutaweka vigingi kila mita tano kuanzia 10, na kabla hujapiga hata moja utaniambia kwa macho sungura wa karatasi yuko mita ngapi.